Lukwata wa Jioni Moja: Uchambuzi wa Kisa kutoka Visiwa vya Ssese

Kisa hiki kilitokea mwezi wa Juni katika mwalo mmoja wa visiwa vya Ssese, wilaya ya Kalangala, ambako kwa miaka tisa nimekuwa nikitunza daftari la mwalo: nani ametoka, nani amerudi, kilo ngapi za sangara zimepimwa, wavu wa nani umeibwa au umechanika. Wavuvi wawili ninaowaamini waliona kitu majini, wakarudi wakitetemeka na wavu uliochanika, na kabla ya siku mbili kwisha mwalo mzima ulikuwa umegawanyika. Upande mmoja ulisema lukwata amerudi, na upande wa pili ukasema wawili hao walikuwa wamekunywa waragi. Pande zote mbili zilikosea kwa namna moja, kwa kuwa hakuna aliyekaa nao akawauliza walichokiona, hatua kwa hatua.

Kwa msomaji asiyelijua jina hilo, lukwata ni kiumbe cha majini katika masimulizi ya Buganda. Anasemwa kuishi katika Nalubaale, ziwa ambalo ramani huliita Victoria, akiwa mweusi, mkubwa kuliko mtumbwi, mwenye kuushika mtumbwi na kuushusha chini pamoja na watu wake. Habari zake si za jana. Harry Johnston, aliyekuwa Kamishna Maalumu wa Uingereza hapa Uganda kuanzia 1899 hadi 1901, alizisikia na kuziandika. Johnston huyo nitamrudia, kwa sababu anahusika na kisa cha mnyama mwingine ambaye watu walimkataa na baadaye akaonekana kuwa ni wa kweli, na hoja kubwa ya wale waliomwamini lukwata pale mwaloni ilitokana na mnyama huyo.

Niliwahoji mashahidi asubuhi iliyofuata, kila mmoja peke yake, chini ya mwembe ulio karibu na mizani. Nahodha ni mtu mzima, mzaliwa wa upande wa Busia, aliyevua katika ziwa hili kwa zaidi ya miaka thelathini. Kijana wake wa kuvuta nyavu ni Mkongo aliyetokea upande wa Ziwa Albert, na alikuwa kwetu kwa miezi minne tu. Wao wawili huzungumza Kiswahili, kwa kuwa Kiganda cha kijana bado ni cha sokoni.

Nahodha alianza kwa kuniagiza: "Karani, andika lukwata."

Nikamwambia, "Mzee, nianzie kwanza na ulichokiona. Jina tutaliandika mwishoni."

Alinitazama kwa muda, kisha akasema kwamba ilikuwa saa 12:30 jioni, wakiwa wameshatega wavu wa macho ya inchi 7 na injini imezimwa. Kitu cheusi chenye nundu tatu kilijitokeza upande wa kisiwa, kirefu kama mtumbwi na nusu, kikienda polepole dhidi ya upepo. Ilisikika sauti kama ya ng'ombe mara tatu. Baadaye maboya ya wavu yalianza kuzama moja baada ya jingine, na walipouvuta wakaukuta na tundu ambalo mtu mzima angeweza kupita.

Kijana alieleza jambo lile lile la nundu tatu, weusi, mwendo wa kupinga upepo na ile sauti, isipokuwa kwake urefu ulikuwa mitumbwi minne. Hakulitaja jina lukwata hata mara moja, na nilipomuuliza alisema amelisikia kwa mara ya kwanza usiku ule, baada ya kufika nchi kavu. Alichoniambia kilikuwa hiki: "Nilidhani ni viboko watatu wamefuatana, lakini hawakuwa na masikio." Nimeitilia maanani sana kauli hiyo. Mtu mwenye jina tayari kichwani huziona sehemu zinazolingana na jina hilo, lakini kijana hakuwa na jina la kuegemea, na hata hivyo aliona nundu zile zile. Hivyo nakiri bila kusita kwamba palikuwa na kitu, na kwamba habari ya waragi ni dharau tupu.

Suala la ukubwa lilihitaji kupimwa. Juu ya maji matupu jicho halina mti wala nyumba ya kulinganishia, na asiyejua umbali wa kitu hawezi kuujua ukubwa wake, kwa maana kitu kidogo kilicho karibu na kikubwa kilicho mbali hujaza jicho sawasawa. Siku ya tatu, saa ile ile ya jioni, nilichukua madumu matatu ya lita 20 yaliyopakwa masizi, nikayafunga kwenye kamba kiasi kwamba kutoka la kwanza hadi la mwisho palikuwa na mita 6 kamili, kisha mtumbwi mwingine ukayapeleka mahali ambapo nahodha alionyesha kwa kidole. Sikuwaambia urefu wa kamba. Nahodha alikadiria mita 12, na kijana akasema mitumbwi miwili, ambayo kwa mtumbwi wa futi 28, kipimo cha chini kinachoruhusiwa kisheria, ni kama mita 17. Basi nahodha aliuzidisha urefu mara mbili na kijana karibu mara tatu. Nikiurekebisha ushahidi wao kwa kosa lao wenyewe, kitu kile kilikuwa na urefu wa kati ya mita 6 na 12. Bado si kidogo. Hata hivyo, hapa tulikuwa tumekwisha kutoka kwenye kiumbe cha mita 34, na nahodha mwenyewe, alipoiona ile kamba ikipimwa mbele yake, alinyamaza akaanza kuwaza upya.

Ushahidi wa pili ulikuwa wavu. Niliutandaza juu ya mchanga nikaukagua jicho kwa jicho kuzunguka lile tundu. Mamba aliyenaswa hujizungusha, na wavu hubaki umesokotwa kama kamba, wakati kiboko hupita moja kwa moja na kuacha nyuzi zilizokatika kwa mkupuo. Tundu hili halikuwa na alama hizo. Nyuzi zilikuwa zimevutwa zikarefuka kwanza, kisha zikakatika mojamoja, kama zinavyokatika zikibeba uzito unaoongezeka pole pole. Katika macho yaliyobaki palikuwa na vijizizi vyeupe vilivyojisuka, vipande vya shina la mafunjo lenye pembe tatu, na tope jeusi lenye harufu ya kinamasi. Mahali walipotega pana kina kirefu, na mafunjo hayaoti pale.

Mtu yeyote wa ziwa anajua maana yake. Visiwa vya mafunjo humeguka ukingoni, hasa maji yanapopanda, na kusafiri ziwani vikiwa na udongo wao, ndege wao na nyoka wao. Mwezi wa Aprili 2020, maji yalipokuwa yamejaa kupita kiasi, kisiwa cha namna hiyo kilisukumwa hadi kwenye mitambo ya umeme ya Jinja na nchi nzima ikakosa umeme. Kipande cha mita 10 ambacho majani yake yameliwa au kulazwa na mvua, na kubaki vishina na udongo tu, huonekana jioni kama migongo myeusi inayokatiza maji. Hizo zaweza kuwa nundu. Na wavu ulioshikwa na mizizi iliyoning'inia chini yake ungezamisha maboya moja baada ya jingine, sawasawa na alivyoeleza nahodha.

Niliposoma matokeo hayo mbele ya watu, mwalimu wa shule ya karibu alisimama akatoa hoja nzuri kuliko zote zilizotolewa pale. Alisema kwamba hata kama jioni ile palikuwa na mafunjo, hilo halimwondoi lukwata ziwani, na kwamba wasomi wamewahi kuwacheka watu wa nchi hii wakaumbuka. Mwalimu alistahili jibu kamili, kwa maana ana haki katika nusu ya maneno yake.

Haki hiyo inatokana na Semliki. Johnston alipokuwa Entebbe alipata habari kutoka kwa Wambuti, watu wa msitu wa Ituri huko Kongo, kwamba msituni, ng'ambo ya mto Semliki, yuko mnyama anayefanana na punda mwenye milia. Mwaka 1900 alivuka kuingia Ituri. Waongozaji wake walimwonyesha nyayo za mnyama huyo, naye akakataa kuziamini, kwa sababu zilikuwa na kwato zilizogawanyika na yeye alikuwa anatafuta aina ya farasi. Alipata vipande vya ngozi, akavituma London, na mapema mwaka 1901 mnyama akapewa jina la kisayansi katika ukoo wa farasi. Ilipofika ngozi kamili na mafuvu mawili, vilivyopatikana kwa msaada wa ofisa Msweden aliyeitwa Karl Eriksson, ikaonekana ni jamaa ya twiga, na ndipo jina la okapi likakaa. Wambuti walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo, hata kuhusu kwato, na aliyekosea ni bwana mkubwa aliyekuja na jibu lake mfukoni. Mwaka uliofuata, Oktoba 1902, Mjerumani Robert von Beringe alipiga risasi sokwe wakubwa wawili kwenye mlima Sabinyo, mpakani mwa nchi yetu, nao ndio gorila wa milimani ambao leo wageni hulipa fedha nyingi kwenda kuwaona Bwindi.

Wala si mambo ya kale tu. Mwaka 2003, kusini mwa Tanzania, watafiti waliwasikia wawindaji wa Kinyakyusa wakimtaja kipunji, nyani mwenye haya wa mlima Rungwe. Kwa kuwa katika masimulizi ya huko wanyama wa kweli na wa hadithi hutajwa pamoja, watafiti hawakuwa na hakika kama wanatafuta mnyama au pepo. Walimwona kwa macho yao mwaka huo huo, na mwaka 2005 akatangazwa kuwa ni aina mpya. Walipokuja kuhesabu walipata kama 1,100 hivi, dunia nzima.

Kwa hiyo swali la mwalimu haliwezi kujibiwa kwa kicheko. Ila visa hivyo vina kitu kimoja ambacho lukwata hana. Wambuti hawakuwa na hadithi peke yake, kwani walikuwa na ngozi ya okapi, waliijua nyama yake, walijua anapita wapi. Kipunji naye alijulikana kwa wawindaji wa huko. Wanyama hao hawakuwa wamefichika kwa watu wa kwao. Waliofichwa ni wageni wasiouliza. Nimewauliza wazee wa visiwa vyetu wengi kwa miaka hii, na kila mmoja anamjua mtu aliyemwona lukwata, lakini sijampata aliyewahi kumpasua, kumzika, au kukanyaga mfupa wake ufukweni.

Tukiliacha hilo, tuulize juu ya makazi yenyewe, maana mahali pa kufichia si lazima pawe mahali pa kuishi. Nilianza na chakula, nikitegemea kwamba hapo ndipo hoja ya lukwata ingevunjika, na kwa mshangao wangu haikuvunjika. Watafiti Carbone na Gittleman walionyesha mwaka 2002 kwamba, kwa wanyama wala nyama wa nchi kavu, kilo 10,000 za mawindo hulisha takriban kilo 90 za mla nyama. Tuseme lukwata ana uzito wa kilo 2,000 na wako 50, idadi ambayo ni ndogo mno hata kwa kizazi kujilinda dhidi ya udhaifu wa kuzaliana ndugu kwa ndugu. Watahitaji mawindo ya kama tani 11,000, na ziwa hili hutoa tani zipatazo milioni moja za samaki kila mwaka. Ingawa kanuni hiyo haikutungwa kwa wanyama wa majini, pengo ni kubwa kiasi kwamba naweza kusema bila wasiwasi kwamba ziwa lingeweza kumlisha.

Kinachomkataa ni umri wa ziwa. Wanasayansi waliochimba matope kutoka sakafu ya Nalubaale walikuta chini yake udongo mgumu uliokaushwa na jua, wenye alama za mizizi ya majani. Yapata miaka 15,000 iliyopita, hapa tunapovua palikuwa mbuga. Ziwa lilikauka, kisha likajaa tena. Hakuna joka la kale lililojificha kilindini tangu zama za mijusi wakubwa, kwa sababu kilindi chenyewe hakikuwapo, na hata leo hakizidi sana mita 80, ilhali ziwa lina eneo la kilomita za mraba 68,800. Lukwata angepaswa kuja baadaye kutoka mahali pengine. Kutokea Nile kuna maporomoko ya Murchison, ambako mto mzima hubanwa katika mwanya wa mita 7 hivi na kuanguka mita 43. Sangara, ambaye ni mwenyeji wa Ziwa Albert, alishindwa kuyapanda kwa maelfu ya miaka, na ni binadamu aliyemleta huku katika miaka ya 1950. Kiboko na mamba walikuja kwa sababu wanaweza kutembea nchi kavu. Mnyama wa mita kumi anayetembea nchi kavu kati ya vijiji vya Busoga angejulikana kwa nyayo.

Kisha kuna pumzi. Akiwa anavuta hewa, kama masimulizi yanavyosema anapiga kelele, atalazimika kuja juu. Kiboko hukaa chini kama dakika tano tu, lakini tumpe lukwata dakika ishirini. Hamsini wao wangejitokeza mara 3,600 kwa siku, zaidi ya mara milioni moja kwa mwaka, mbele ya wavuvi zaidi ya 200,000 wa nchi tatu ambao usiku hujaza ziwa kwa taa za dagaa mpaka linafanana na mji. Na akiwa anapumulia majini kama samaki, vilindi vya ziwa hukosa oksijeni kwa sehemu ya mwaka, na angesukumwa juu pamoja na sangara, kuingia katika nyavu zetu na mbele ya meli za utafiti ambazo hupima samaki kwa mawimbi ya sauti. Msitu wa Ituri ulimficha okapi kwa miti na kwa uhaba wa watu. Ziwa letu halina kimoja kati ya viwili hivyo.

Nilimwambia mwalimu pia kwamba siku hizi kuna njia isiyohitaji kumwona mnyama. Mwaka 2018 Neil Gemmell wa New Zealand alichota maji ya Loch Ness, ziwa la Scotland linalosemwa kuwa na joka lake, akasoma vinasaba vilivyoachwa humo na ngozi, magamba na kinyesi cha viumbe. Hakupata hata alama moja ya mtambaazi mkubwa, ila alipata vinasaba vya mikunga kila alipochota. Hapa kwetu kazi kama hiyo ningeitamani sana, na kusema kweli si kwa ajili ya lukwata. Ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, samaki wadogo ambao Waganda huwaita nkejje na kuwapa watoto waliougua surua. Sangara walipoongezeka katika miaka ya 1980, aina zipatazo 200 zinakadiriwa kutoweka, nyingine kabla hazijapewa jina na mtu yeyote mwenye kalamu. Hao ndio viumbe wasiogunduliwa wa Nalubaale. Walikuwapo kweli, walikuwa na rangi zao, tulikuwa tukiwakanyaga ufukweni, na hakuna aliyekuja mbio mwaloni kupiga kelele kwamba amewakosa. Hata okapi tuliyekuwa naye upande wetu wa Semliki hayupo tena Uganda. Naandika haya kwa uchungu.

Lilibaki jambo moja ambalo sikuweza kulieleza, nalo ni mwendo wa kupinga upepo. Mafunjo hufuata upepo, kila mtu anajua hivyo, na mashahidi wote wawili walikuwa na hakika kwamba upepo ulitoka ziwani na kitu kilikuwa kinakwenda ziwani. Sauti sikuihangaikia sana, kwa kuwa viboko wapo upande wa pili wa kisiwa, na jioni, hewa inapopoa juu ya maji, mlio wao huvuka mbali na kufika ukiwa umebadilika. Mwendo ndio ulionikera, na sikutaka kuufunika ili hitimisho langu lipendeze.

Siku ya tano nilimwita nahodha aje asikilize nilichoandika kabla sijakifunga kisa. Nilimsomea neno kwa neno, pamoja na urefu alioutaja yeye na urefu uliorekebishwa, na jina lukwata nikaliandika kwa kuwa ndilo alilolitamka, nalo si langu kulifuta. Nilipofika kwenye upepo alininyamazisha kwa mkono.

"Mwanangu, hukuniuliza wavu wetu ulikwenda wapi."

Nikamuuliza. Akasema kwamba jioni ile mkondo wa chini ulikuwa mkali, kama unavyokuwa mara nyingi mwezi wa Juni pale penye mlango kati ya visiwa viwili, na kwamba wavu wao uliokuwa umezama ulivutwa kuelekea ziwani, dhidi ya upepo, kwa karibu nusu saa, sambamba na kile kitu. Kipande cha mafunjo kilichobaki vishina hakina majani ya kushika upepo, bali mizizi iliyoshuka majini, na mizizi hufuata maji. Alikaa kidogo, akaliangalia lile tundu ambalo kijana alikuwa analishona upande wa pili wa mwembe, kisha akaniambia niandike na hilo la mkondo, na niandike kwamba limesemwa na yeye.